Moyo Ulikuwa Mzima

"Weka chini hiyo etha, sista."

Borghild alidhani hajasikia vizuri. Chupa ya dawa hiyo ya usingizi ilikuwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kile kikombe cha waya na shashi ambacho mgonjwa hufunikwa nacho puani hadi usingizi umchukue.

"Umesemaje, Daktari?"

"Umenisikia. Huyu hatalala. Mpige sindano ya ganzi ya mguu, tuanze."

"Zimebaki mbili tu. Risasi imeingia ndani ya paja, Daktari. Sindano mbili zitamfaa nini?"

"Sista. Chupa chini."

Huyo aliyekuwa akiamrisha ni Torgeir Liknes, daktari wa upasuaji, mikono myepesi kuliko yote mjini Bergen. Alikuwa pia mchumba wake. Pete ya Borghild, yenye jina la Torgeir lililochongwa ndani, ilikuwa imebanwa na pini mfukoni mwa gauni lake la kazi, kwa sababu pete haiingii thieta, chumba cha upasuaji. Ya Torgeir ilibanwa vivyo hivyo mfukoni mwake. Nyumbani walizivaa mkono wa kulia, kama wachumba wote wa Kinorwe.

Mezani alilala Aslak, fundi wa mashua kutoka visiwani, aliyepigwa risasi na Wajerumani alfajiri ile gatini. Askari wawili walisimama mlangoni. Na pale kichwani pa mgonjwa, karibu kabisa na mdomo wake, aliketi Gjerstad, mkalimani, mtoto wa hapo hapo mjini aliyeamua kula sahani moja na wavamizi. Alikuwa na daftari gotini na penseli iliyochongwa vizuri.

"Kwani kwa nini asilale?" aliuliza Gjerstad.

"Moyo wake mbovu," Torgeir akajibu bila kuinua macho. "Nikimpa etha hataamka."

Hapo ndipo Borghild alipofungua mdomo. Alikuwa na kinyongo cha wiki nzima. Jumatatu, ndani ya tremu, lile gari la reli la mjini, alimwona kwa macho yake Torgeir ameketi kando ya afisa wa Kijerumani. Watu wote walikuwa wamesimama wakining'inia kwenye mikanda, vikongwe kwa wajawazito, ili tu wasikae na Mjerumani. Na mchumba wake ameketi, begi mapajani, anatabasamu. Na leo anataka kumchinja Mnorwe mwenzake akiwa macho!

"Moyo mbovu?" alisema. "Daktari, nimemsikiliza mwenyewe saa moja asubuhi. Nimeandika kwenye karatasi yake. Moyo wake ni mzima, unapiga kama saa."

Torgeir alimtazama juu ya barakoa, na macho yale Borghild hakuyaelewa.

"Sista amekosea," alisema taratibu.

"Sijakosea. Miaka sita nasikiliza mioyo, sijawahi kukosea."

Gjerstad alitabasamu, akaandika.

"Kama moyo ni mzima, Daktari, mlaze tu. Sisi hatuna haraka."

"Sawa. Akifia mezani, ripoti kwa wakubwa wako utaandika wewe au niandike mimi? Maana nimeambiwa wanamtaka hai."

Penseli ikasita. Gjerstad akafunga daftari, ila hakuondoka pale kichwani.

Aslak alipewa kitambaa cha kung'ata. Kazi ile ilichukua dakika arobaini. Borghild alimshika kichwa, na kuanzia dakika ya kumi aliacha kusikia kelele. Alisikia tu saa ya ukutani. Ni siku ile ganzi ilipomwingia moyoni, na yeye hakuwa amepigwa sindano yoyote.

Walipobaki wawili kwenye chumba cha kunawia, maji yalikuwa ya baridi na sabuni ile ya vita haitoi povu.

"Unataka nini kwao?" aliuliza Borghild. "Nyama? Kahawa halisi? Sema basi, Torgeir, nijue umeniuza kwa bei gani."

"Borghild, usiniulize leo."

"Nikuulize lini? Jumatatu umekaa na afisa, nimekuona. Leo umemchana mtu macho makavu ili wenyewe wafurahi."

"Uliniona kwenye tremu?"

"Nilikuwa nyuma yako. Nimesimama, kama watu."

Torgeir akaendelea kusugua kucha zake.

"Sina cha kukuambia."

"Huna?"

"Sina."

Borghild alifungua pini mfukoni, akatoa pete, akaiweka kwenye sahani ya sabuni.

"Basi na mimi sina mchumba. Waambie hata hao rafiki zako."

Alitegemea atamshika mkono. Wanaume hushika mkono katika saa kama hizo. Torgeir aliitazama pete, akaikausha kwa taulo, akaitia mfukoni pamoja na ya kwake.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Waambie na wengine. Waambie wote leo leo."

Jamani, maneno ya kumwambia mwanamke hayo?

Jioni ile simu ililia kwenye nyumba aliyopanga. Mama mwenye nyumba, Bi Tønnesen, alimwita ngazini, kisha akabaki pale pale akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Haloo?"

"Ni mimi. Kesho usije kazini."

"Kwa nini nisije?"

"Sema una mafua."

"Siumwi."

"Basi ugua, Borghild. Ugua siku tatu."

"Daktari Liknes, mimi si mgonjwa na si mchumba wako. Zamu yangu inaanza saa moja."

Akakata. Bi Tønnesen alikuwa sasa anafuta kiti.

"Mmegombana?"

"Tumeachana."

"Afadhali, mwanangu. Mtu wa kukaa na Wajerumani kwenye tremu, mji mzima umeshasikia."

Basi saa moja kasoro asubuhi Borghild alikuwa wodini, aproni imepigwa wanga, shingo juu. Saa mbili na robo, Torgeir akiwa katikati ya vitanda anawapitia wagonjwa, waliingia wanaume wanne waliovaa makoti marefu, na Gjerstad nyuma yao.

"Daktari Torgeir Liknes?"

"Ndiye."

"Vaa koti."

Hakuuliza sababu. Alimkabidhi muuguzi wa zamu karatasi za wagonjwa, akaeleza mshono wa kitanda cha nne utolewe lini. Halafu, alipopita mbele ya Borghild, alisimama. Alisema kwa sauti kubwa, wodi nzima ikasikia, na Gjerstad akasikia zaidi:

"Na wewe sista, siku nyingine jifunze kusikiliza moyo kabla ya kufungua mdomo. Umetutia aibu hospitali nzima."

Wakaondoka naye. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwachia.

Metroni Valborg, mkuu wa wauguzi, alimvuta Borghild hadi stoo ya mashuka, akafunga mlango. Mama huyu alikuwa mfupi, mnene, na hakuwahi kumwonea mtu haya.

"Umesimama kama mlingoti. Kaa."

"Kwa nini wamemkamata? Si rafiki yao?"

"Rafiki yao! Hebu nijibu, mtaalamu wa etha. Watu wakiwa chini ya etha hufanya nini?"

"Hulala."

"Na nini kingine?"

Borghild alishasikia waume wakitaja wanawake wasio wake zao. Alishamsikia mchungaji akitukana matusi ya mabaharia. Alikuwa na sheria yake, ambayo kila mmoja hospitalini aliijua: yanayosemwa mezani hubaki mezani.

"Huongea," alisema.

"Huongea. Na yule mwenye daftari unadhani alikaa pale kichwani kunusa nywele? Alikuwa anasubiri majina. Aslak ana majina kumi na moja kichwani. La kwanza la Torgeir. La pili langu."

"Metroni..."

"Usilie."

"Silii."

Na kweli hakuwa analia. Yeye aliyepaswa kulijua jambo lile kuliko wote pale ndani alikuwa ameketi juu ya mashuka, na kifuani hakuna kitu. Hata mikono aliiona kama ya mtu mwingine.

"Na tremu?"

"Begi lake lilikuwa limejaa dawa za watu wetu msituni. Anayesimama huitwa pembeni akapekuliwa, maana Wajerumani wameshachoka na dharau zetu. Aliyekaa na afisa hapekuliwi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemwambia nani kama ungeng'olewa kucha? Hujui, na mimi pia sijijui. Usichokijua hakitoki."

"Metroni, ni mimi niliyemponza? Kwa lile neno langu?"

Metroni Valborg alikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Walikuwa wanamnusa toka zamani. Usijipe ukubwa."

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Borghild alilijua hilo, na sasa hakujua kama ulimi wake ndio uliojikwaa au la. Hilo ndilo aliloishi nalo miezi kumi na sita: kutojua.

Alisubiri waje kumchukua na yeye. Kila viatu vizito vikipiga sakafu, aliweka chupa chini na kukunjua mikono ya gauni. Hawakuja. Hata kumhoji hawakumhoji. Aslak alipelekwa gereza la Oslo mguu ukiwa na bandeji, na yale majina kumi yaliyobaki yakaendelea kunywa kahawa yao ya punje za nafaka ya rai zilizochomwa, kila mtu na familia yake. Torgeir alipelekwa kambini. Barua aliyoandika Borghild ilirudi haijafunguliwa. Alikula mizizi ya tanipu na samaki wa chumvi bila kujua ladha yake, alilaza wagonjwa, aliwaamsha. Mwanamume mmoja wa benki alimtaka, akamwambia hapana. Aliulizwa kwa nini, akasema hajui. Siku ya amani, Mei, mji ulipochana karatasi nyeusi za kuficha taa madirishani na kuzichoma barabarani, alisimama pembeni na bendera ndogo mkononi, na watu waliomkumbatia waliona wamekumbatia mlango.

Torgeir alirudi Juni. Alishuka kwenye treni amekonda, kofia inamzidi kichwa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Habari, Borghild."

"Habari, Torgeir."

"Hujaolewa?"

"Sijaolewa. Na wewe?"

"Kule hapakuwa na mabibi harusi wengi."

Huo ulikuwa mzaha, na wote wawili walijua kwamba ulikuwa mzaha, ila hakuna aliyecheka. Walitembea hadi mkahawa wa kona, wakaagiza chai. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu," alisema Borghild. "Unijibu kweli. Walikukamata kwa sababu ya neno langu?"

"La."

"Torgeir."

"La, nimesema. Ni redio. Kulikuwa na redio darini kwangu, jirani akasema. Ile ya moyo hawakuiuliza hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Kunywa chai yako."

Alitegemea kwamba akisikia hivyo mzigo utashuka. Alikunywa chai na mzigo ukabaki pale pale ulipokuwa, kama kabati zito ambalo mtu amelizoea chumbani. Hakuzungumzia pete. Torgeir naye hakuzungumzia pete. Waliagana kwa kupeana mkono wa kushoto.

Wiki moja baadaye daktari mpya wa upasuaji, kijana aitwaye Haugland, alifungua kile kitambaa. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjwa na kujiunga vyenyewe kombokombo. Cha pete kilikuwa kimeoza mfupa.

"Hicho kitoke leo," alisema Haugland. "Nisamehe, Daktari."

"Nipige sindano ya ganzi."

"Kwenye usaha sindano haishiki. Ulitufundisha wewe mwenyewe darasani. Utalala."

"Silali."

"Daktari, ni etha ya kawaida."

"Nimesema silali!"

Borghild aliingia wakati ule ule na kikombe chake cha waya.

"Nani atashika etha?" aliuliza Torgeir.

"Mimi."

"Metroni hayupo?"

"Metroni mkono unatetemeka siku hizi. Unaogopa nini?"

Torgeir alitazama dari.

"Naogopa kuongea."

"Vita vimekwisha. Majina yako yote yako hai, yanauza samaki sokoni. Ongea utakavyo."

"Sheria yako bado ile ile?"

"Yanayosemwa mezani hubaki mezani."

Basi akafumba macho. Borghild akamfunika, akadondosha tone la kwanza, la pili, la tatu. Torgeir alihesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Kwenye kumi na moja akapotea, na kisu kikaanza.

Mwanzoni alinung'unika tu. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayejibu swali ambalo ameshalijibu mara nyingi.

"Moyo ulikuwa mbovu."

Mkono wa Borghild ulibaki juu ya chupa.

"Sista alikosea. Ni muuguzi mdogo, hajui kusikiliza. Andika hivyo. Moyo ulikuwa mbovu."

Haugland alimtazama Borghild. "Anasema nini?"

"Endelea na kazi yako, Daktari."

"Hapana. Hapana, cha pili mmeshavunja. Moyo ulikuwa mbovu. Sista hajui lolote. Si mchumba wangu. Angekuwa ananificha angenirudishia pete? Tazama mfukoni mwangu. Ziko mbili. Tazameni, amenirudishia siku ile ile, muulizeni mtu yeyote hospitalini. Ananichukia. Ananichukia sana, msihangaike naye." Akavuta pumzi ndefu. "Vunja basi. Moyo ulikuwa mbovu."

Aliyasema hayo mara nne, kwa mpangilio ule ule, bila kukosea hata neno, na kwenye neno la mwisho kila mara alinyamaza kidogo kama anayesubiri kitu kitokee.

Borghild alidondosha etha, tone baada ya tone. Alishika mshipa wa shingoni, akahesabu: themanini na nne. Kazi ni kazi. Hapakuwa na redio, basi. Ulimi wake ndio uliompeleka kambini, na hasira yake, ile pete kwenye sahani ya sabuni, ndiyo iliyomfanya yeye asiguswe. Na "waambie wote leo leo" ilikuwa ni nini kama si mwanamume anayemjengea mwanamke ukuta upesi upesi, huku yeye amebaki upande wa nje? Alihisi kitu kinamchoma usoni. Alidhani ni etha imemrukia.

"Sista," alisema Haugland kwa upole, "unalia."

"Themanini na nne," alisema Borghild. "Mshipa ni mzuri. Funga."

Torgeir aliamka saa nane mchana, akatapika kama watapikavyo wote, akalala tena chali. Borghild aliketi kando ya kitanda na beseni.

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

"Nimesema nini?"

Sheria aliijua yeye na mgonjwa aliijua. Miaka saba hakuwahi kuivunja.

"Umesema mimi sijui kusikiliza moyo."

Torgeir aligeuza uso ukutani.

"Etha ni mwongo mkubwa," alisema.

"Ile redio darini kwako ilikuwa ya aina gani?"

Torgeir alivuta shuka hadi shingoni.

"Torgeir, nimekuuliza. Ya aina gani?"

"Borghild, acha."

"Hapakuwa na redio."

"Hapakuwa na redio," akakubali mwishowe. "Sikutaka uibebe. Mimi nimekwisha kuizoea, wewe ya nini?"

"Nimeibeba miezi kumi na sita. Niliibeba bila kuujua uzito wake. Afadhali sasa naijua." Akainama. "Pete ziko wapi?"

"Walizichukua zote mbili. Yako ndiyo waliyoiangalia muda mrefu. Walisoma jina langu ndani, wakacheka. Toka siku ile hawakukutaja tena."

"Nisamehe."

"Uliandika kile ulichosikia. Moyo wa Aslak ulikuwa mzima kabisa, ulisikia sawasawa. Katika mji huu wote hapakuwa na sikio kama lako, ndiyo maana nilikupenda."

"Ulinipenda?"

"Usinichokoze, nina kichefuchefu."

Ndipo Borghild alipocheka, cheko lililotoka na machozi, bovu, la kukwaruza, la mtu ambaye mguu wake uliolala muda mrefu unaanza kuamka na unauma kuliko ulipokuwa umelala. Alilaza sikio lake juu ya kifua cha Torgeir, bila chombo chochote, akakaa hapo.

"Unasikia nini?" aliuliza Torgeir.

"Nyamaza, nasikiliza."

"Sista hajui kusikiliza."

"Mzima," alisema. "Andika hivyo."

Walifunga ndoa Septemba, katika kanisa dogo la mbao. Aslak alikuja akichechemea, fimbo mkononi, akaketi benchi la mbele karibu na Metroni Valborg, ambaye alilia kwa kelele mpaka mchungaji akasita. Wakati wa pete, Torgeir alinyosha mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuwa tena na kidole cha kuivalia. Borghild naye, ambaye vidole vyake vyote kumi vilikuwa vizima, akanyosha wa kushoto.

"Wa kulia, mwanangu," Bi Tønnesen alimnong'oneza kutoka benchi la pili, akidhani bibi harusi amechanganyikiwa. "Kwetu ni wa kulia!"

"Najua," alisema Borghild bila kugeuka, na kanisa zima likasikia. "Mimi navaa anapovaa yeye."